Ndiyo Mbovu za Nchi ya Maagano

Hadithi hii nimekaa nayo siku nyingi, na leo naitua. Anayetaka majini na majumba ya dhahabu aende kwa wasimulizi wengine, tele wapo. Mimi nina nchi moja tu, nchi ya Maagano, na bwana mmoja, Semvua, aliyekwenda huko kumdai rafiki yake ahadi. Alifikaje? Msinisumbue kwa hayo. Alifika.

Semvua alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Ujana wake wote aliumalizia dukani pamoja na mwenzake Mbaruku, wakichambua sufi na kushindilia magodoro, na jioni wakitoka wote wawili wana mvi za sufi kichwani. Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, mteja hakuna. Walijilaza kwenye godoro ambalo mwenyewe hakuja kulichukua, wakiangalia maji yakimwagika kwenye mchirizi.

"Semvua," akasema Mbaruku, "atakayebaki peke yake kwanza, mwenzake amfungulie mlango. Wala asiulizwe atakaa mpaka lini."

Semvua akasema, "Ndiyo." Wakapeana mikono. Mvua ikakatika, wakarudi kazini. Hawakuandika mahali, wala hapakuwa na shahidi. Na nani, jamani, huandika maneno ya siku ya mvua?

Wakaachana, kila mmoja na njia yake. Mbaruku alioa mji mwingine, kisha ikasikika kwamba amehamia Maagano, kwa sababu ambazo Semvua hakuzifuatilia. Yeye alikuwa na mke, Hidaya, na watoto, na nyumba yenye kelele. Kisha watoto wakaondoka, na Hidaya akafa. Hapo ndipo Semvua alipoujua upweke. Alipika sufuria ya watu wawili kwa mazoea akamwaga nusu. Alikuwa akiiaga redio anapotoka, na akirudi anaisalimu. Jirani walimwonea huruma wiki mbili tatu, wakachoka, maana huruma nayo ni kazi. Ndipo lile neno la siku ya mvua likamrudia. Akampa mpwa wake nyumba, moja kwa moja, kwa kuwa hakukusudia kurudi. Akafunga mkoba akaenda kumtafuta Mbaruku, amfungulie mlango.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Maagano. Katika nchi ile watu hawakai kwa ukoo wala kwa kabila, hukaa kwa kasoro. Kila mkazi amekwenda na kauli ya ndiyo aliyowahi kuisema au kuambiwa, na ndiyo hiyo ina ubovu fulani, na mtaa wake ni ubovu wake. Ukikutana na mtu njiani haulizi jina lako. Huuliza, "Ndiyo yako ina tatizo gani?" Nawe ukijibu haina tatizo, anasogea mbali nawe kidogo.

Pale mlangoni pa nchi alikaa mama mmoja mnene, mpole wa sauti, Bi Siwema, Mkaguzi Mkuu wa Ndiyo. Alimkaribisha Semvua kwenye benchi, akampa maji, akaanza.

"Ulisema ndiyo mwenyewe, au ulisemewa?"

"Nilisema mwenyewe."

"Na mwenzako alikuwa na akili zake timamu?"

"Kama zangu."

"Hilo si jibu, baba. Mlikuwa na njaa?"

"Njaa ya kawaida."

"Kuhusu njaa bado tuna mabishano. Wako wenzetu wanaosema ndiyo ya mwenye njaa si ndiyo, na wako wanaosema tukikubali hivyo nchi nzima itabaki bila ndiyo hata moja. Tuache njaa. Mliahidiana kitu gani?"

"Kufunguliana mlango."

"Mlango upi?"

Semvua akaikumbuka siku ya mvua. Hawakuutaja mlango. "Wa yeyote kati yetu," akasema.

"Na sababu ya mapatano?"

"Upweke."

Bi Siwema akamtazama. "Upweke haumo katika sababu zinazotambuliwa," akasema. "Lakini pia haumo katika zilizokatazwa. Twende, tukaijaribishe."

Maana huko ndiyo hujaribishwa mtaa kwa mtaa, kama kiatu dukani, mpaka ipatikane inapoenea. Semvua akanyanyua mkoba wake akamfuata. Alimwuliza kama anamfahamu mtu aitwaye Mbaruku. Bi Siwema akasema anawafahamu wakazi wote, lakini majina hayatajwi kabla ya kasoro kujulikana.

Walianza Mtaa wa Kutengua. Huko ziko ndiyo nzima kabisa, zilizotamkwa vizuri na watu wazuri, ila zilimwumiza mtu mwingine ambaye hakuwepo. Basi kila mnapopatana jambo huko, lazima muweke kigoda kitupu katikati, kigoda cha asiyekuwepo, na kabla ya kupeana mikono mkitazame mkitafakari. Ni desturi nzuri, na Semvua aliipenda. Tatizo ni mahakama yao. Asiyekuwepo akija kulalamika kwamba ameumizwa, mahakimu humwambia kwamba sasa yupo, na sheria inawalinda wasiokuwepo tu. Asipokuja, wanasema hakuna mlalamikaji. Wako mabwana wawili wenye vilemba, wanabishana juu ya hilo tangu wakiwa hawana ndevu. Walimwuliza Semvua kama ndiyo yake ilimwumiza mtu. Alifikiri sana.

"Mke wangu hakuwepo," akasema. "Nilikuwa sijamwoa."

"Yuko wapi sasa?"

"Amefariki."

"Basi hayupo kwa namna mbili," akasema mmoja, uso ukamng'aa, na mwenzake akamjibu kwamba namna mbili za kutokuwepo hufutana. Wakasahau kwamba Semvua yuko pale. Bi Siwema akamvuta mkono wakaondoka.

Mtaa wa Hofu walipita haraka, na mimi nitapita haraka vilevile, kwa sababu sipendi hata kuusimulia. Huko wanakaa waliosema ndiyo kwa kutishwa, kwa kudanganywa, au kwa kukosea wakidhani wanakubali kitu kingine. Ndiyo zao ni halali mpaka mwenyewe aje kuikana. Na muda wa kuikana huanza kuhesabiwa siku hofu inapokwisha. Yuko ofisa wa kupima hofu, anaweka kiganja kifuani pa mtu. Semvua alimkuta akimpima dada mmoja aliyekubali zamani kumfanyia kazi shangazi yake maisha yote.

"Moyo unadunda," akasema ofisa. "Bado unaogopa. Muda wako haujaanza. Rudi kwa shangazi."

"Jana sikuwa naogopa, bwana."

"Kwa nini hukuja jana?"

"Jana sikuogopa, ndiyo maana nilikaa tu nikapumzika."

"Kukaa kimya bila hofu ni kuridhia," akasema ofisa kwa upole. "Nenda kwa shangazi kwa amani." Yule dada akaondoka, na Semvua akaona kwamba hakushangaa, maana yaelekea alikwisha ambiwa hivyo mara nyingi. Semvua alipopimwa yeye, ofisa alisema kifua hakina hofu, kina kitu kingine, lakini hicho hakipimwi hapo.

Ila Mtaa wa Batili ndio uliomkaa Semvua rohoni. Kule wako wale ambao ndiyo zao hazikuwahi kuwa. Hazikufutwa, hazikuvunjwa, serikali ilizitazama ikasema hazikuzaliwa. Walioishi ndani ya ndiyo hiyo miaka yote wanahesabiwa hawajuani. Wakipishana barabarani hawaruhusiwi kusalimiana kwa majina. Sheria inawaamuru jambo moja tu: kila mmoja amrudishie mwenzake alichopokea, ili kila mtu abaki kama alivyokuwa kabla.

Kwenye kibaraza kimoja alikaa mzee, Bwana Mdachi, na mbele yake bibi mmoja mwembamba, Bi Tausi. Walikuwa wameoana ujanani na wakazeeka pamoja, kisha ikagundulika aliyewafungisha ndoa hakuwa na mamlaka hata ya kufunga mbuzi. Ndoa ikatangazwa batili tangu asubuhi yake ya kwanza. Bwana Mdachi alikuwa akikoroga uji, na Bi Tausi amejifunika shuka juani.

"Mnafanya nini?" Semvua akauliza.

"Tunarudishiana," akasema Bwana Mdachi. "Huyu bibi nisiyemjua alinipikia uji nilipougua homa. Leo namrudishia."

"Lazima niwe mgonjwa kidogo," akasema Bi Tausi, "ili kirudi kama kilivyokuwa. Jana mimi nilimsindikiza hospitali kuu, maana naye aliwahi kunisindikiza. Tulikaa foleni siku nzima."

"Na ugomvi?"

"Tuliurudisha mwanzoni," akasema bibi. "Ulikuwa mwingi lakini tuliuharakisha."

"Mkimaliza yote?"

Wazee wakatazamana, watu wasiojuana. "Huyu bwana ana tabia ya kusahau tulipofika," akasema Bi Tausi. "Ikiwa hivyo, inabidi tuanze upya." Akaupokea uji, akaupuliza, akasema umezidi ndimu, kama ule wa kwanza. Bi Siwema alikuwa ametazama pembeni, akiuangalia ukuta kwa makini sana.

Semvua aliondoka pale. Niwaambieni wazi alichokifikiri, maana hakukificha hata yeye mwenyewe. Alitamani ndoa yake na Hidaya nayo ingekuwa batili, wamrudishe siku moja tu, amkorogee uji. Lakini ndoa yake ilikuwa halali kabisa, haikuwa na dosari hata moja, na imekwisha.

Mwisho Bi Siwema alitoa uamuzi. "Ndiyo yenu ni ya kweli," akasema. "Mlikuwa na akili, hamkutishana, hamkumwumiza mtu anayeweza kuonekana. Ila haina maandishi, haina shahidi. Wewe ni wa Mtaa wa Kimya. Ahadi yako tunaitambua, tunaiheshimu, lakini hakuna hakimu atakayeisikiliza. Mwenzako akitimiza, ni haki yako, na akishatimiza hawezi kukunyang'anya. Asipotimiza, ndiyo basi."

"Nitamkumbusha tu mwenyewe."

"Hapana, baba. Kukumbusha ni kudai. Mtaa wa Kimya hauruhusu kudai. Ahadi iliyokumbushwa si ahadi tena, ni deni. Atimize kwa moyo wake, au asitimize."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Ungoje," akasema Bi Siwema. "Chumba utapewa kinachotazamana na chake."

Na kweli alipewa. Mtaa wa Kimya una nyumba pande mbili, milango inatazamana, na kwenye kila mlango kuna mtu amekaa kwenye kiti anautazama mlango wa mbele. Hakuna mtaa uliofagiliwa vizuri kama huo, na hakuna wenye adabu kama hiyo. Wote wanasalimiana, wote wanaulizana habari za afya. Ila neno "unakumbuka" ni marufuku. Kuhema kwa nguvu ni marufuku. Kukohoa unaruhusiwa, mradi usikohoe kwa maana. Yupo mlinzi wa kusikiliza vikohozi.

Mbele ya chumba cha Semvua, kizingitini, alikaa Mbaruku. Alikuwa amekonda, na safari hii mvi zilikuwa za kweli. Walitazamana. Semvua alihisi machozi yanakuja akayazuia, kwani hakujua kama machozi yanaruhusiwa.

"Salama, Semvua?"

"Salama, Mbaruku. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Umefika lini?"

"Leo."

"Karibu mtaani," akasema Mbaruku.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi wakisalimiana, jioni wakitakiana usiku mwema, na katikati wanatazamana. Siku moja Semvua alishindwa kujizuia akasema, "Naona kama mvua itanyesha." Mlinzi wa vikohozi akageuka. Mbaruku alitazama juu, hakuna hata wingu. "Huku mvua ni haba," akasema. Semvua hakujua kama ameelewa na kukataa, au hakuelewa kabisa. Alilala na hasira. Alijiambia kwamba nyumba amegawa, safari amesafiri, na mtu wake yuko hatua chache mbele yake, kazi yake ni kusema karibu ndani tu, na hasemi. Kumbe mtu anaweza kukaa mbele ya rafiki yake na kuwa mpweke kuliko alivyokuwa na redio.

Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mcheshi aliyekuwa akimpelekea mchicha. Yeye alimngoja dada yake, aliyekaa mlango wa ng'ambo. Mama yao alipokuwa anakufa, walishikana mikono juu ya kitanda wakaahidiana kwamba hawatanuniana tena. Kisha wakanuniana kwa ajili ya kanga za marehemu.

"Anajua alichosema," Bi Mwanaidi alimwambia Semvua. "Akivuka tu, mimi sina neno. Nitampikia. Lakini avuke yeye, kaka yangu. Aliyeahidi ni yeye."

"Na wewe hukuahidi?"

"Niliahidi, lakini mimi nilitimiza. Aliyeanza ni yeye." Akatabasamu kwa uchungu, akaendelea kumtazama dada yake, ambaye naye alikuwa anamtazama.

Siku ya kuhesabiwa wakazi, Bi Siwema alipita mtaani. Semvua alimwomba akae kidogo.

"Mama, nina swali, na si la kudai. Huyu mdaiwa wangu, mbona mmemweka huku huku?"

"Mdaiwa?" Bi Siwema akasema. "Mtaa huu hauna wadaiwa. Kila aliyekaa hapa amekuja kungoja. Nimekagua miaka yote, pande zote mbili, mdaiwa sijampata hata mmoja. Wanakaa wapi, sijui. Labda nchi nyingine."

Semvua akasema, "Kwa hiyo Mbaruku anangoja mtu."

"Alikuja hapa baada ya kuzika mkewe. Anamngoja bwana mmoja waliyefanya naye kazi ya sufi. Walipatana atakayebaki peke yake kwanza afunguliwe mlango. Mke akafa, yule bwana akatuma rambirambi na gunia la mchele. Mwenyewe hakuja." Kisha Bi Siwema akamtazama Semvua, akautazama mlango wa mbele, na midomo ikabaki wazi kidogo. "Nimesema mengi kuliko ninavyoruhusiwa," akasema, na akaondoka haraka kuliko ungemtarajia mtu mnene namna ile.

Semvua alibaki ameshika kiti. Alikumbuka siku habari ya msiba ule ilipomfikia. Alikuwa anakula, Hidaya akamsomea ujumbe, akasema, "Maskini Mbaruku." Akasema watume mchele. Kisha akaomba aongezewe mchuzi. Hivyo tu. Wala hakuikataa ahadi, haikumjia kabisa kichwani. Nyumba ilikuwa na watu, na mwenye nyumba yenye watu hakumbuki alichosema siku ya mvua. Mbaruku ndiye aliyebaki peke yake kwanza. Mlango uliopaswa kufunguka ulikuwa wa Semvua. Na sasa ule mlango amempa mpwa.

Aibu ilimshika, aibu nzito, na nyuma ya aibu kikaja kitu kibaya zaidi: kwamba mwenzake amekaa mbele yake siku zote hizi, akamsalimu kila asubuhi, akijua.

Mchana kweupe, jua la utosi, Semvua alisimama akavuka barabara. Katika Mtaa wa Kimya hakuna anayevuka. Viti vilikwaruza pande zote. Mlinzi wa vikohozi alikuja mbio, lakini hakujua sheria gani imevunjwa, maana kuvuka hakukukatazwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kukukataza.

Mbaruku hakuinuka. "Umekuja kudai," akauliza, "au kutimiza?"

Semvua angeweza kudanganya. Neno moja tu, na angeonekana mtu mwema. "Nilikuja kudai," akasema. "Nchi hii nilikuja kukudai wewe. Hidaya amekufa, nikakukumbuka kwa ajili yangu. Leo ndiyo nimejua kwamba wa kwanza ulikuwa wewe."

Mbaruku aliitazama barabara. "Siku ile ya mazishi," akasema, "niliangalia njia mpaka watu wakakunja mikeka. Nikasema labda gari limeharibika. Kesho yake nikasema labda anaumwa. Nikakaa nikikutafutia udhuru, Semvua, mpaka udhuru ukaniishia."

"Sina udhuru. Nilikuwa nakula."

"Basi nifungulie."

"Sina mlango, Mbaruku. Nyumba nimempa mpwa wangu nikija huku. Nina chumba kile tu, na hata chenyewe si changu."

Mbaruku akacheka. Halikuwa cheko la furaha. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyengoja gari hata akasahau alikokuwa anakwenda. Kisha akainuka taratibu, magoti yakilia, akaingia ndani. Semvua alibaki amesimama juani na mtaa mzima unamtazama. Alijua akifungiwa mlango huo hatakuwa na pa kulalamika, na alijua pia kwamba itakuwa haki.

"Utasimama hapo mpaka lini?" sauti ikatoka ndani. "Inzi wanaingia."

Semvua akaingia.

Msidhani walikumbatiana. Walikaa kwenye mkeka, wakanywa chai ya rangi, na maneno hayakutoka. Waliulizana kuhusu magoti. Mbaruku alimweleza jina la mkewe, ambalo Semvua hakuwahi kuuliza. Semvua alimweleza kuhusu redio. Kisha wakanyamaza tena, na kile kimya kilikuwa kigumu, lakini kilikuwa cha watu wawili.

Kesho yake Bi Siwema alikuja na wale mabwana wawili wa vilemba. Walikuwa wamekesha wakibishana. Aliyedaiwa, yaani Semvua, hakutimiza, wakasema, kwa kuwa hana mlango. Aliyedai ndiye aliyefungua mlango. Lakini hakuwa na wajibu wa kufungua. Ahadi imetimia, na aliyeitimiza si aliyewajibika. Mmoja alisema ni batili, mwenzake akasema ingekuwa batili wasingekuwa wanakunywa chai. Walizunguka nyumba mara kadhaa wakitafuta kasoro, wakainama hadi uvunguni.

"Hatuioni," akasema Bi Siwema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya masikitiko. "Ndiyo yenu haina ubovu. Samahanini sana. Nchi hii haina mtaa wa namna hiyo. Itabidi mwondoke."

"Twende wapi?" Mbaruku akauliza.

"Hilo wakaguzi hatuulizwi, baba."

Basi wakafunga mizigo, ambayo haikuwa mingi. Semvua alisema wataanzia kwa mpwa wake, walale sebuleni, na wakifukuzwa kule watafikiri. Mbaruku alisema sebule inamtosha, mradi isiwe na mtu wa kumkoholea. Wakatoka, mmoja amebeba mkoba, mwingine amebeba birika. Mtaa mzima ulikuwa milangoni. Hakuna aliyethubutu kuuliza kitu, isipokuwa Bi Mwanaidi, aliyeinuka kwenye kiti chake akamshika Semvua mkono.

"Kaka, mlifanyaje? Niambie kwa siri."

"Nilivuka, nikamwambia kosa langu."

"Wewe ulikuwa na kosa," akasema Bi Mwanaidi. "Mimi sina. Mimi ndiye ninayengoja."

"Hata mimi nilikuja hapa nikijua hivyo hivyo," Semvua akasema. Akamshukuru kwa mchicha, akamfuata mwenzake aliyekwisha tangulia.

Bi Mwanaidi alirudi kwenye kiti chake. Ng'ambo, dada yake alikuwa anamtazama kama siku zote. Bi Mwanaidi akainamisha kichwa, akaanza kukumbuka upya habari za zile kanga, tangu mwanzo, na safari hii hakujiruka mwenyewe.